Barua ya Tarehe Kumi na Nne

Siku barua ya posa ilipoletwa, Belyse alikuwa amepiga magoti mara tatu kabla ya saa sita mchana. Mara ya kwanza kando ya kitanda chake, mara ya pili kanisani, na mara ya tatu bafuni, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu nyumba ya vyumba viwili ikisubiri wageni mtu hana pengine pa kuzungumza na Mungu wake. Mara zote tatu aliomba jambo lilelile. Hakuomba Optatus akubaliwe. Aliomba aoneshwe moyo wa Optatus jinsi ulivyo, kisha akaongeza, kama mtu anayeogopa kusikilizwa haraka mno, "Lakini kwa upole, Bwana."

Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, Jumapili, tarehe kumi na nane Machi 2012. Sebuleni kwa mama yake, ghorofa ya tano huko Tensta, pembezoni mwa Stockholm, watu wanne waliizunguka meza yenye vitu viwili. Kimoja kilikuwa bahasha nyeupe yenye barua ya posa. Cha pili kilikuwa gazeti, lile la bure ambalo watu huliacha kwenye viti vya treni. Baba yake mdogo, Évode, alikuwa amelitunza tangu Ijumaa na kulileta kutoka Södertälje likiwa limekunjwa vizuri ndani ya koti, na alilitua pale mezani bila kusema neno, kichwa cha habari kikitazama juu: LINDAXEL YAFUNGA STOCKHOLM.

Lindaxel ilikuwa kampuni kubwa ya programu za kompyuta. Alhamisi ilitangaza kwamba imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi ya Marekani, na kwamba ofisi yake ya Stockholm itafungwa kabla ya vuli. Watu mia sita wangepoteza kazi. Mmoja wao alikuwa Optatus, mwandishi wa barua iliyolala kando ya gazeti lile.

Optatus alikuwa Mtanzania, na hakuwa na uraia wa Sweden. Alikuwa na kibali, na kibali chenyewe kilitegemea kazi. Kazi ikikatika, angepewa miezi mitatu atafute nyingine, na akikosa, angefunga sanduku. Lakini mtu mwenye mke raia, kama Belyse, ana njia nyingine ya kubaki. Jambo hilo lilijulikana kwa kila aliyekaa pale, na hakuna aliyekuwa amelitamka.

Jikoni, Belyse alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Ariane, binti wa baba mdogo Évode, alikuwa akikata keki vipande vidogovidogo.

"Unakata kama mpishi wa hospitali," Belyse alisema. "Wageni watadhani tumewafungisha."

"Si ni Kwaresima? Na mchumba wako ndiye aliyechagua siku." Ariane alilamba kisu. "Niambie kitu kimoja, mdogo wangu. Kwa nini Kwaresima? Mtu mzima, Mkatoliki, anashindwa kungoja wiki tatu Pasaka ifike?"

"Mapenzi yana haraka."

"Hata yule wangu alikuwa na haraka."

Belyse aligeuza vipini vya vikombe vyote upande mmoja. Miaka sita iliyopita Ariane aliolewa na kijana mpole, mwenye sauti nzuri, aliyebeba mifuko ya mama mkwe hadi kituoni. Wiki aliyopata kibali cha kudumu, wiki ileile, alitoka kwenda kunyoa nywele na hakurudi. Tangu hapo baba mdogo Évode akisikia neno "kibali" hunyamaza kama mtu aliyeguswa jino bovu.

"Optatus hakujua," Belyse alisema. "Barua aliiandika Jumatano. Habari zilitoka Alhamisi. Hata wakubwa wake wengine walizisikia Alhamisi."

"Una hakika?"

Belyse alifuta vidole kwenye kanga na kutoa simu mfukoni. Alikuwa ameusoma ujumbe ule mara nyingi hata akaujua kwa moyo. Optatus alimtumia Jumatano mchana, Belyse akiwa kazini kwenye nyumba ya wazee, mikono yake ikiwa ndani ya glavu. *Mpenzi, kikao na bosi ejo. Nitakusimulia. Niombee.*

"Ona. Anakichanganya Kirundi chetu sasa. Kikao na bosi ejo. Kesho. Na kesho yake ndiyo ilikuwa Alhamisi, wakaitwa wote ukumbini wakaambiwa. Mtu aliyejua tayari angeniomba nimwombee?"

Ariane aliusoma ujumbe, akarudisha simu, akashusha pumzi. "Basi nenda kapeleke chai. Na usimtazame sana. Baba anahesabu."

Belyse aliingia na sinia. Optatus alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoinunua kwa ajili ya sherehe ya kumaliza chuo, na mabegani ilikuwa imeanza kumbana. Aliinua macho. Hakuwa mtu wa kukonyeza wala kutabasamu ovyo. Alikuwa akimtazama Belyse kama mtu anayesoma ukurasa na hataki kupitwa na mstari, na Belyse, ambaye kazini huinua watu wazima kutoka vitandani bila kutetereka, alihisi vikombe vikigongana kwenye sinia.

Walijuana kwenye misa ya Kiswahili. Optatus alisimama na wanaume wa besi akaimba vibaya kwa moyo wote, na Belyse akacheka katikati ya Utukufu. Baada ya misa alimsindikiza hadi kwenye treni, wakapanda pamoja, na ilipofika Tensta ndipo Belyse alipogundua kwamba kijana huyu anakaa Jakobsberg, upande mwingine kabisa. "Niliona mazungumzo hayajaisha," ndivyo alivyojitetea. Tangu siku hiyo alimsindikiza kila mara, na kila kituo alidai neno moja la Kirundi.

"Karibuni chai," Belyse alisema.

"Asante, binti yetu," alijibu mzee Januari, mshenga. Alikuwa Mtanzania aliyekuja Sweden kusomea umeme mwaka 1976, akastaafu, akabaki na kofia ya barghashia aliyoivaa kwenye mambo mazito tu. Alimgeukia Évode. "Ndugu yangu, narudia tena kwamba kwetu mposaji haji na barua yake. Anabaki nyumbani anatetemeka. Mshenga ndiye anayesema. Wewe umetaka aje, tumemleta. Lakini kusema, nasema mimi."

"Nilitaka kuona macho yake," alisema Évode. "Mdomo nitausikia kwako."

"Vema."

"Barua hii ina tarehe kumi na nne." Évode aliweka kidole kwenye bahasha. "Hii habari ni ya tarehe kumi na tano." Akahamisha kidole kwenye gazeti. "Katikati hapa kuna usiku mmoja. Mimi nafunga boliti za malori, sijasoma sana. Lakini usiku mmoja naujua urefu wake."

Mama Gaudiosa, mama yake Belyse, alijisogeza mbele kwenye kiti. "Évode, tafadhali. Wageni hawajagusa hata chai."

"Wanywe. Mimi nauliza tu."

"Na ninakujibu," mzee Januari alisema, akinyoosha mgongo. "Barua hii niliipokea kwa mkono wangu Jumatano jioni. Huyu kijana alinieleza habari za binti yenu tangu Krismasi. Alhamisi jioni alinipigia simu akilia. Akilia, bwana Évode! Mimi nina miaka sitini na nane, najua kilio cha mtu aliyeshtuka. Aliandika akiwa mtu mwenye kazi, akaamka hana. Kama unataka kumhukumu kwa mambo ambayo Mungu mwenyewe hakumfunulia, mhukumu."

Ilikuwa hotuba nzuri. Mama Gaudiosa alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Optatus alikuwa ameinamisha kichwa akitazama chai yake, na Belyse, akiwa amesimama na sinia tupu, aliona jinsi alivyokuwa mnyenyekevu na akampenda.

"Huko kazini kukoje sasa?" Mama Gaudiosa alimuuliza, kwa sauti ya kumtoa kwenye moto.

"Kimya, mama." Optatus aliinua kichwa. "Tangu mwezi wa Januari palikuwa na mambo ya ajabu. Maua ya ofisini yaliacha kumwagiliwa maji. Wakaja watu tusiowajua, wanapima vyumba kwa futi za chuma, ukiwasalimia hawaitiki. Asubuhi moja kadi ya jirani yangu ikakataa kufungua mlango. Tulicheka. Tulisema ni mashine. Siku ya pili meza yake ilikuwa tupu, hata picha za watoto hazikuwepo."

"Yesu wangu."

"Sasa kila mtu akifika mlangoni anaishika kadi yake kwanza, anaitazama, ndipo anaisogeza. Unasikia pale pembeni mtu mzima anahema."

Mama Gaudiosa alimsogezea sukari. Nje, theluji ya Machi, nyeusi kwa vumbi la barabara, ilikuwa ikidondoka vipande kutoka kwenye paa la jengo la mbele. Évode alimtazama kijana kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakalegea kidogo, na Belyse akajua kwamba hatari imepita.

"Sawa," Évode alisema. "Sisi familia tutakaa. Tutazungumza na wa Bujumbura kwa simu. Jibu mtalipata ejo."

Optatus alikunja uso. "Tutalipata jana, mzee?"

"Nini?"

"Samahani. Umesema jibu tutalipata ejo. Nimeshindwa kuelewa. Ejo si jana?"

Ariane, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akapasuka kwa kicheko. Mama Gaudiosa akafuatia, akijipiga paja. "Yoo, mkwe wangu! Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Neno ni lilelile. Unasikiliza kitendo kinasemaje, ndipo unajua kama unarudi nyuma au unakwenda mbele."

"Kweli?" Optatus naye alicheka, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulifunguka wote. "Mimi mwaka mzima najua ejo ni jana tu! Belyse ndiye mwalimu. Tulikuwa tunapita Rinkeby, nikamuuliza, jana mnaitaje? Akasema ejo. Kituo kikafika, nikashika hivyohivyo. Kesho sikuwahi kuuliza. Kwenye programu zetu jina moja ukilipa maana mbili, mashine inasimama."

"Sisi hatusimami," Évode alisema, na hata yeye alikuwa akitabasamu. "Sisi Warundi tunaendelea tu."

Wote walicheka tena. Belyse peke yake hakucheka. Alikuwa ameona maneno manne mbele ya macho yake, kama yameandikwa ukutani. Kikao na bosi ejo. Kwake ilikuwa kesho. Lakini kwa mwandishi wake, aliyejua maana moja tu, ejo ilikuwa jana. Ujumbe ulitumwa Jumatano. Jana ya Jumatano ni Jumanne.

Sinia lilikuwa zito ghafla. Aliliweka juu ya televisheni, mahali ambapo hakuna mtu huweka sinia.

"Optatus," alisema, na akashangaa sauti yake ilivyotoka nyepesi. "Soda ziko balkonini. Kreti ni nzito. Njoo unisaidie."

"Kijana wa watu anafanyishwa kazi kabla ya mahari!" Ariane alitania.

"Mwache," alisema mzee Januari. "Ajizoeze."

Balkoni ilikuwa nyembamba, na miezi ya baridi familia iliitumia kama friji. Palikuwa na kreti mbili za soda, sufuria ya isombe, yaani kisamvu, iliyofunikwa kwa sahani, na kiti cha plastiki chenye barafu. Mlango ulikuwa wa kioo. Belyse aliuvuta ukafunga, na sauti za sebuleni zikakatika. Lakini waliokaa ndani waliwaona vizuri, kama watu walio kwenye picha.

"Kile kikao na bosi wako kilikuwa siku gani?"

"Kikao gani?"

"Ulichoniandikia Jumatano."

Optatus alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni. Belyse alimwona akifikiri, kisha akaona kicheko kikizimika kidogokidogo, kuanzia machoni.

"Bely..."

"Tabasamu. Mama anatutazama."

Alitabasamu. Lilikuwa jambo la kutisha kuliona, tabasamu lile juu ya uso ule. "Jumanne," alisema. "Saa nne asubuhi."

"Alikuambia?"

"Aliniita peke yangu. Alijua habari za kibali changu, akanihurumia. Akasema jina langu limo kwenye orodha, na kwamba ofisi yote inafungwa. Nikasaini karatasi kwamba sitamwambia mtu yeyote mpaka Alhamisi. Mtu yeyote, Bely. Ningeweza kushtakiwa."

"Lakini uliniandikia."

"Nilishindwa kukaa nalo. Nikasema nitaandika neno dogo tu, na wewe utaniuliza, kikao gani hicho cha jana? Na ukiniuliza nitasema, liwalo na liwe. Nilingoja uulize. Hukuuliza."

"Sikuuliza kwa sababu niliomba. Niliombea kikao chako cha kesho. Kumbe naombea kitu kilichokwisha kupita." Alivuta chupa moja ya soda kutoka kwenye kreti ili mikono yake ionekane ina kazi. "Na jioni ileile ukaandika barua ya kuniposa."

"Ningeiandika baada ya Pasaka. Unajua. Mzee Januari anajua tangu Krismasi."

"Sikuulizi ungeiandika lini. Nakuuliza Jumatano uliposhika kalamu, ulikuwa unamfikiria nani? Mimi, au kibali?"

Pumzi ya Optatus ilitoka kama moshi. "Nilifikiria ndege," alisema polepole. "Nilijiona nimekaa ndani ya ndege, na kiti cha pembeni yangu hakuna mtu. Sasa hiyo ni wewe, au ni kibali? Mimi sijui kuvitenganisha. Nimejaribu. Wallahi nimejaribu."

Lilikuwa jibu la kweli, au lilikuwa jibu zuri mno. Belyse alilipokea kifuani likamwasha moto, na papo hapo akaliogopa. Alimtazama shingoni, pale tai ilipobana, akatamani kuilegeza, akatamani pia kurudi ndani na kufunga kioo.

"Bosi wako alikuuliza nini kingine?"

"Hakuna."

"Optatus."

Alitazama chini, kwenye ua wa jengo, ambako mwanamke mmoja alikuwa akivuta toroli la sokoni juu ya barafu. "Aliniuliza kama nina mtu hapa. Raia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ninaye."

"Naye akasemaje?"

Optatus alisogeza kreti kwa ncha ya kiatu. Ndani, Mama Gaudiosa aliwapungia mkono awahimize, na Belyse akampungia naye.

"Akasema, basi una bahati."

Belyse alirudisha chupa kwenye kreti. Hakulia. Baridi ilikuwa imemshika uso hata hakujua kama bado anatabasamu.

"Sikiliza," Optatus alisema haraka, "nilimchukia aliposema vile. Nilitoka mle nikaenda chooni nikatapika. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, Bely. Litoke wapi? Usiku kucha liko kichwani. Nikaona nikingoja Pasaka, mtu yeyote atasema nimeposa kwa sababu ya habari za gazeti. Nikiandika Jumatano, hakuna atakayesema."

"Kwa hiyo uliichagua tarehe."

"Nilikuchagua wewe. Tarehe ndiyo... ndiyo, tarehe niliichagua."

"Basi waambie. Hivi ulivyoniambia mimi, na ndege, na bahati, na tarehe. Maneno hayohayo."

"Baba yako mdogo atanitoa nje."

"Huenda. Na mimi nitakufuata kwenye ngazi. Nitasema mbele yao kwamba nakutaka. Lakini wajue wanachokipokea. Ariane hakuambiwa. Mimi nataka waambiwe."

Optatus alifumba macho, akayafumbua. "Nitawaambia. Tukiingia tu. Naapa mbele ya Mungu."

"Usiape. Sema tu."

Alibeba kreti. Belyse alimfungulia mlango.

Sebuleni palikuwa pamebadilika. Évode alikuwa amesimama, gazeti limeondolewa mezani, na mzee Januari alikuwa ametengeneza kofia yake vizuri kichwani. Mama Gaudiosa aling'aa kama mtu aliyepewa zawadi na kukatazwa kuifungua.

"Kaeni," Évode alisema. "Nyinyi mkiwa nje, mama yako ameniomba kitu. Ananiambia kusubiri kesho ni kumtesa bure. Wa Bujumbura tumewapigia sasa hivi, wamekubali, wananingoja mimi tu. Basi nimefikiri."

Optatus aliiweka kreti chini, akakaa kwenye kochi. Belyse alikaa kando yake, nafasi ya mtu mmoja ikiwatenganisha. Alingoja. Sasa, alisema moyoni. Sema sasa.

"Mzee," Optatus alianza.

"Ngoja, kijana. Nimesikia mshenga wako, na nimekuona macho. Nimebaki na swali moja, na sitakuuliza wewe. Mtu anayeposa hujibu vizuri kila swali." Évode aligeuka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono minene ya kiwandani, na ndiye aliyemvusha Belyse mpaka wa Tanzania mgongoni, akiwa na miaka minane, baba yake akiwa hajamaliza wiki kaburini. "Namuuliza mtoto wetu. Huyu hajawahi kunidanganya, hata alipovunja redio yangu. Belyse, wewe ndiye unayemjua. Huyu kijana alipoandika barua hii, alijua kwamba kazi yake imekwisha, au hakujua?"

Belyse alimgeukia Optatus. Alimgeukia waziwazi, bila kujali nani anahesabu. Alimpa nafasi yote aliyokuwa nayo. Neno moja lingetosha. Hata kuinuka kwenye kochi kungetosha. Aliona midomo yake ikiachana.

Kisha Optatus akainama, akachukua kikombe chake cha chai iliyokwisha kupoa, akanywa.

Ariane alikuwa mlangoni mwa jiko, hacheki tena. Saa ya ukutani ilikuwa ikisogea. Belyse aliiona miezi mitatu mbele yake, Aprili, Mei, Juni, kisha uwanja wa ndege, mgongo wa suti ya kijivu ukipita pale ambapo asiyesafiri hapiti. Alitaka kuomba, lakini mdomo ulitangulia.

"Hakujua, baba mdogo," alisema. "Alijua Alhamisi, kama wengine wote."

Évode alimtazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa mara moja, akainua bahasha kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika. "Tumeipokea," alisema.

Mama Gaudiosa aliruka akapiga vigelegele hata jirani wa chini akagonga bomba la joto, na mzee Januari akavua kofia yake na kuipunga hewani, akisema huyo anayegonga naye aletewe soda. Watu walikumbatiana. Ariane peke yake alibaki palepale, mikono imefungwa kifuani, akimtazama mdogo wake.

Katikati ya makelele yale Optatus aliuvuka ule upenyo wa kochi, akaushika mkono wa Belyse na kuubana. "Mungu akubariki," alimnong'oneza. "Umeniokoa."

Belyse aliuacha mkono wake pale. Aliuhisi wa Optatus, mkavu, wenye joto, uliotulia kabisa kama mkono wa mtu aliyelala salama.